Posho ya Kyungu

Wanaosema Agnès Numbi alikuwa mkaidi hawakumjua. Mimi nilimjua. Nilikaa naye ukuta kwa ukuta katika kambi ya kampani, hapa Élisabethville, miaka ile ambayo moshi wa tanuri la shaba ulikuwa ukitushukia mpaka kwenye nguo tulizoanika. Nikikohoa kwangu, yeye kwake ananiuliza kama nimekunywa dawa. Sasa nani atakuja kuniambia mimi, Hortense, kwamba Agnès alikuwa mtu wa namna gani? Mkaidi ni mtu anayekataa bila sababu. Agnès alikuwa na sababu, tena sababu yenye miguu miwili, inacheza uani kwake na kumfukuza kuku wangu.

Alikuwa mwanamke mpana, Muluba wa Ankoro, kule mto Luvua unakoingia Lualaba. Mume wake, Godefroid, alikuwa mtu wa tanuri, na maneno yake yalikuwa machache; maneno yote ya nyumba ile aliyashika Agnès. Alikuwa akipika munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, na siku ya malipo uani kwake usingepata mahali pa kuweka kiti. Musungu akipita, sisi wanawake wengine tunaangalia chini. Agnès anamsalimu, "Jambo, bwana!" kwa sauti ya mtu anayeita mbuzi. Nilikuwa nikimwita yaya, yaani dada mkubwa, nikimwambia, "Yaya, siku moja mudomo yako itaponza kichwa." Anacheka mpaka mabega yanatikisika. "Mudomo ni yangu, kichwa ni yangu. Bitapatana tu."

Halafu akazaa mapasa, yaani watoto wawili kwa tumbo moja. Mawe wee! Kelele za siku ile! Mimi ni Muluba wa Kasai, yeye ni Muluba wa Katanga, na mambo mengi tunabishana, lakini habari za mapasa kwetu ni moja. Tulimzunguka Godefroid, wanawake watu wazima, tukamwimbia matusi ambayo siwezi kuyarudia hapa, kwa sababu mapasa wanapokelewa kwa matusi na furaha, na baba yao hana ruhusa ya kukasirika. Maskini Godefroid alisimama tu amepakwa unga mweupe, anatabasamu kama bwana harusi. Wa kwanza kutoka ni Kyungu, huyo wa kiume. Wa pili ni Kabange, wa kike. Majina hayo hayachaguliwi na mtu, mapasa wanakuja nayo. Na tangu siku ile Agnès akawa Mama Mapasa, na hakuna heshima ya mwanamke inayopita hiyo.

Mapasa wana masharti. Ukimpa mmoja muwa, mpe na mwenzake. Ukimsalimu mmoja, msalimu na mwenzake. Na sharti kubwa kuliko yote: mapasa hawafi. Mmoja wao akiondoka duniani, wanasema amerudi alikotoka, basi. Halii mtu. Wanamzika penye maji, wanaimba, wanarudi nyumbani. Lile neno jingine, neno la wafu wa kawaida, halitamkwi, kwa sababu yule aliyebaki akilisikia atachukua njia ile ile ya mwenzake. Padri alikuwa akitukemea kwa mambo haya, na sisi tulikuwa tukimsikiliza vizuri, tunapiga na ishara ya msalaba. Ubatizo ni ubatizo. Lakini mapasa ni mapasa.

Sasa nieleze posho, kwa maana vijana wa leo wanadhani posho ni hela. Kila Jumamosi wanawake wa kambi tulipanga mstari mbele ya depo na mabeseni yetu, na kampani ilitupimia chakula cha juma zima: unga, samaki wakavu, karanga, mafuta ya mawese. Walipima kwa vichwa. Mume ana sehemu yake, mke ana yake, na kila mtoto ana yake ndogo. Kwa hiyo kampani ilitaka kujua vichwa vyetu kuliko sisi wenyewe. Sheria ilikuwa moja: jamaa ikibadilika, nenda useme kwa karani. Mtoto akizaliwa, sema. Mtu akifariki, sema. Binti akiolewa, mke akirudi kwao, sema. Na lazima aseme mwenyewe baba au mama, wala si jirani.

Tulikuwa tukisema? Aka! Kuzaliwa tulisema siku ile ile, kitovu hakijakauka. Hayo mengine yalichelewa njiani. Mama Wivine, aliyekaa mlango wa mwisho, alikula samaki wa binti yake mwaka mzima baada ya binti kuolewa Jadotville, na karani akiuliza anajibu kwamba yuko kisimani. Tulimcheka tu. Lakini Agnès hakuwa mtu wa kufanya vile. Alikuwa na kiburi, na kiburi chake hakikumruhusu kula samaki asiye wake.

Basi, kiangazi kimoja Godefroid alipewa likizo, lakini akabaki kwa sababu tanuri lilikuwa na kazi, na Agnès akaenda Ankoro peke yake na mapasa wake. Alipanda treni mpaka Bukama, kisha meli ya Lualaba. Watoto walikuwa wakubwa kidogo, wanabishana na kila mtu, wamevaa nguo za kitambaa kimoja. Niliwapa karanga za njiani, mkono huu na mkono huu.

Alirudi na mmoja. Nilikuwa uani nikitwanga niliposikia mlango wake, nikaruka kwenda kumpokea, na nikamkuta amesimama amembeba Kabange mgongoni, mtoto mkubwa kupita kubebwa. Nikatafuta nyuma yake. Nikafungua mdomo. Agnès akaniangalia kwa macho ambayo sijayaona kwa mtu tena, nikaufunga.

"Kyungu alirudia," akasema. "Ilikuwa homa. Tuliimba vizuri."

"Muliimba vizuri," nikajibu. "Ni vema, Mama Mapasa."

Kisha nikaingia kwangu nikalia huku nikigonga masufuria, nayaosha yaliyo safi, ili Kabange asisikie. Nilimpenda mtoto yule. Alikuwa ananiita "mama wa karanga."

Jumamosi iliyofuata Agnès alikuwa mbele yangu kwenye mstari, ameshika beseni, Kabange pembeni yake. Karani wa biro, yaani ofisi ya kampani, alikuwa Dominique, kijana wa kwetu Kasai, shati jeupe, viatu vinang'aa, amesoma kwa mapadri mpaka akawa anaongea Kifaransa hata na mbwa.

"Bantu ngapi kwako?" akauliza, hajainua kichwa.

"Tatu."

"Hapa iko ine."

"Ilikuwa ine. Sasa tuko tatu. Kyungu hayiko."

"Iko wapi?"

"Alirudia."

Hapo Dominique akainua kichwa. Alielewa. Uso wake niliuona, na naapa mbele ya Mungu kwamba alielewa, kwa maana nyanya yake na nyanya yangu walikunywa maji ya kijito kimoja. Lakini akakohoa, akashika kalamu yake.

"Mama Agnès, biro inataka neno. Kwa kumutosha mutoto ku posho, kufuta jina yake, kuko njia mbili tu. Moja unaijua. Ingine, niandike iko kwa bandugu ku kijiji. Niandike vile? Itatosha, na hatutasumbuana."

Mimi moyoni nikasema, kubali, yaya, kubali twende zetu. Lakini Agnès akatikisa kichwa.

"Ile ni bongo, ni uongo. Mutoto mwenye iko kwa bandugu, siku moja anashuka ku treni. Uyu hatashuka ku treni. Usiniandikie bongo."

"Basi sema ile ingine."

"Ile ingine miye sina. Biro itafute yake."

"Basi anabakia ine," Dominique akasema, akampa ishara Rigobert, mpimaji wa depo, naye akapima posho ya vichwa vinne.

Na hapo ndipo Agnès alipofanya jambo ambalo kambi nzima ililizungumza. Aliweka beseni chini, akapiga magoti, akachota unga wa Kyungu kwa kopo, akaumimina tena ndani ya gunia la kampani. Akachagua samaki wa Kyungu, akamrudisha. Akahesabia karanga zake kwa viganja, akazirudisha. Akachota mafuta kwa kijiko, akayarudisha. Alifanya polepole, kwa heshima, kama mtu anayemtengea mgeni.

Rigobert akashika kichwa. "Mama, unaniua! Musungu akikuta bunga inapunguka, atasema naiba. Akikuta inazidi, atasema nabapunja bantu! Miye niende wapi?"

"Uende ukaulize karani yako," Agnès akajibu.

Damu ilinipanda. Mimi sina subira, sikuzaliwa nayo, na Dominique alikuwa mtoto wa kwetu. "Weye!" nikamwita. "Mama yako alikuzalia wapi? Ndani ya kabati ya biro? Haujui mapasa?"

Mstari mzima ukacheka. Dominique akaona haya. "Mama Hortense, usiingie mu mambo ya kazi."

"Nilisha kuingia. Nitoshe basi."

Hakunitoa, lakini pia hakuandika. Alisema sheria haikutungwa na yeye, kwamba musungu wa kambi anakagua, kwamba akiandika neno ambalo mzazi hakulisema ni yeye atakayefukuzwa. Kweli ilikuwa kweli. Nilimkasirikia hivyo hivyo.

Jumamosi ya pili Agnès akarudisha tena. Na ya tatu. Miezi ikapita, na kila mara ni yale yale: tatu, ine, alirudia, sema, sisemi, na kopo la unga linarudi ndani ya gunia. Kambi ikaanza kuwa na midomo. Ungedhani watu wangemsifu mwanamke anayekataa chakula kisicho chake! Lakini binadamu akiona jambo jema asilolielewa, anatafuta ubaya wake. Mama Wivine ndiye aliyeongoza. "Muntu anarudisha samaki?" akasema kisimani. "Iko na kitu anaficha." Nikamwambia kwamba anayejua habari za samaki wa watu wengine ni yeye, aende Jadotville akamuulize binti yake. Tuliachanishwa na watu.

Kisha mama mmoja mzungu, aliyetumwa na kampani kupima uzito wa watoto, alipita nyumba kwa nyumba na mizani yake. Akamwona Kabange, akaulizia Kyungu, akaambiwa amerudi. Akaandika alivyofahamu yeye: mtoto ameachwa kijijini, na wazazi wanaendelea kuchukua posho yake. Habari ikamfikia mkubwa wa kambi, yule musungu wa kukagua. Godefroid akaitwa kazini, akaulizwa mbele ya wenzake.

"Mambo ya mapasa ni ya mama yao," akajibu. "Muulize nyumbani."

Mkubwa hakupenda jibu lile. Akatoa amri: Jumamosi atafika depo mwenyewe, na mama atasema wazi mbele yake, mtoto yu hai au la. Asiposema, itahesabiwa kwamba wamedanganya kampani, na nyumba wataiacha.

Godefroid alipofika alikaa mlangoni bila kuvua viatu. Nilikuwa pale nimeleta chumvi niliyoazima. Nilidhani atamgombeza mke wake, na ningemsamehe. Alisema, "Agnès, nyumba ni matofali. Bakitufukuza, tutaenda kulima kule Kasungami. Usiseme kitu hautaki kusema." Halafu akavua viatu. Tangu siku ile sijamsema vibaya mwanamume mnyamavu.

Lakini mimi nilikuwa na hofu. Kuacha nyumba ya kampani kulikuwa kuacha na kazi, na daktari, na shule. Kesho yake nilimfuata Agnès akiwa anachuja munkoyo, nikamwambia yote yaliyonijaa. Nikasema, yaya, ni neno moja tu. Sema kwa sauti ndogo, Kabange akiwa kwangu, hatasikia. Nani atajua?

Agnès aliweka kitambaa cha kuchujia chini. "Miye nitajua," akasema. "Naogopa, Hortense. Bantu banafikiri miye siogope kitu. Kila asubui, mbele ya kufungua macho, naweka mukono ku kifua yake, nasikia kama inapanda. Juma ile ingine alikohoa siku mbili, sikukula. Kama nasema ile neno, na mwezi ingine mutoto yangu anashikwa na homa, utakuja kuniambia nini? Utakuja na chumvi?"

Mimi niliyekuja na maneno ya kujaza beseni nikaokota kitambaa, nikaendelea kumchujia munkoyo.

"Na ndani ya nyumba hii," akaendelea, "hakuna muntu atataja Kyungu mbele ya Kabange. Godefroid hataji. Miye sitaji. Na weye usitaje. Asikumbuke njia."

Nikakubali. Nikasema sitataja, na sikutaja.

Jumamosi ikafika na jua lake. Mstari siku ile ulikuwa mrefu kuliko kawaida, hata wanawake waliokwisha kuchukua posho walibaki na mabeseni yao vichwani kungoja. Mkubwa wa kambi alikuja na kofia yake ngumu, akasimama karibu na mizani. Alikuwa na Kiswahili cha kuamrisha tu, kile cha kuita na kufukuza.

Agnès alikuwa amevaa kitenge chake cha misa, Kabange pembeni yake. Hakuinamisha kichwa.

"Jambo, bwana!" akasema, kama siku zote.

"Wee mama. Toto ingine iko wapi?"

"Alirudia, bwana."

"Rudia wapi? Kijiji?"

"Hapana kijiji. Alirudia kule mama yangu iko, na baba yangu, na bakubwa boote. Hatakuja tena hapa. Posho yake narudisha kila posho, uliza Rigobert. Kama unataka kumuona mutoto yangu, bwana, utamuona. Siku yako ikifika, utamukuta kule, naye atakusalimia muzuri."

Mawe, mama! Mstari ulikata pumzi. Mimi nilishika beseni langu kwa mikono miwili kama mtu aliye ndani ya mtumbwi. Kila mtu pale, Muluba, Mubemba, Mulunda, alikuwa ameshaelewa mtoto yuko wapi, na yeye mkubwa pia alielewa, nadhani. Lakini mtu mwenye kofia akishatoa amri mbele ya watu, hawezi tena kuelewa.

"Kama kufa, sema kufa!" akapiga kelele.

Agnès alikuwa tayari amemziba Kabange masikio. Viganja vyake vilifunika kichwa chote cha mtoto. Wanawake wakaguna, wengine wakageuka. Na Agnès hakusema. Midomo yake ilikaza, jasho likamtoka juu ya mdomo, lakini hakusema, na nikaona sasa nyumba imekwenda.

Mkubwa akamgeukia Dominique. "Uliza toto," akasema.

Dominique hakusogea. Aliweka kalamu, akaichukua, akaiweka tena. "Bwana..." akaanza. Mkubwa akarudia kwa Kifaransa, kwa ufupi. Basi Dominique akatoka nyuma ya meza yake na shati lake jeupe, akaja akachuchumaa mbele ya Kabange, penye vumbi la unga.

"Dominique," Agnès akasema, na sauti yake haikuwa ile ya kuita mbuzi. "Usifanye vile. Nakuomba. Mwanangu, nakuomba."

Sijawahi kumsikia akiomba, kabla ya siku ile wala baada yake. Nilitaka kumrukia Dominique nimng'oe pale kwa kola. Nikabaki nimeshika beseni langu. Dominique alishika mikono ya Agnès taratibu, akaishusha kutoka masikioni mwa mtoto, na mwenyewe alikuwa akitokwa na jasho.

"Kabange," akasema polepole, kwa Kiluba cha nyumbani na Kiswahili chetu vikichanganyika. "Mwenzako Kyungu, iko wapi?"

Kabange alikuwa anatafuna karanga mbichi alizookota chini ya mizani. Akamaliza kutafuna. Akamwangalia kama unavyomwangalia mtu anayeuliza jambo ambalo kila mtu analijua.

"Alienda," akasema. "Alisema yeye anaenda, na miye nibaki na mama. Nilisema tuende boote. Alikataa. Alisema miye nibaki, juu mama iko na mayi mingi ya kuchota."

Akaokota karanga nyingine.

Hakuna aliyesogea. Rigobert alikuwa na kopo hewani, unga unamwagika mkononi mwake. Dominique alibaki amechuchumaa. Mkubwa akauliza, "Anasema nini?" mara mbili, na mara ya pili hakupiga kelele. Ndipo Dominique akasimama, akamwambia kwa Kifaransa, maneno mengi, polepole, akiangalia gunia badala ya kumwangalia yeye. Mimi Kifaransa chenyewe sikukijua wakati ule. Nilisikia tu jina la Kyungu, na la Kabange. Mkubwa alimtazama mtoto, akarekebisha kofia yake, akasema, "Bon. Andika." Akaondoka kwa njia ya karibu, bila kukagua depo.

Dominique akarudi mezani, akaandika. Kisha akasema, "Tatu. Imekwisha, Mama Mapasa." Hakuwa amemwita hivyo hata mara moja tangu aanze kazi ile.

Lakini Agnès hakumsikia. Alikuwa amepiga magoti mbele ya binti yake, amemshika mabega.

"Alikuambia saa gani?"

"Ile siku ya homa. Tulilala pamoja ku mukeka."

"Alisema ubaki?"

"Nilisha kusema. Nibaki na mama." Kabange alianza kuchoka na maswali. Alitaka karanga zake.

"Na ile miezi yote," Agnès akasema, na sauti ikamkatika, "ile miezi yote, mwanangu, juu ya nini haukuniambia?"

"Haukuniuliza," Kabange akasema.

Agnès Numbi akakaa chini, pale pale kwenye vumbi, na kitenge chake cha misa, akalia. Alilia kwa sauti kubwa, mdomo wazi, mbele ya kambi nzima. Mapasa hawaliliwi, hilo nililijua, na Mama Wivine alilijua, na kila mwanamke mwenye beseni kichwani alilijua. Hakuna hata mmoja aliyemwambia anyamaze. Nilikaa chini karibu naye. Kabange akatuangalia sote wawili, akasukuma beseni mpaka kwenye mizani, akamwambia Rigobert apime.